Spidi imeshuka, jouli zimepanda: bunduki ya easofti na gololi za 0.32

"Fundi shikamoo. Mi niko huku Uingereza, nimeanza kucheza easofti, ule mchezo wa kupigana kwa bunduki za gololi za plastiki, mwaka jana. Bunduki yangu ni ya gesi ya kijani, ina moja moja na otomatiki. Na gololi za gramu 0.20 inapiga 340 fps, yaani futi 340 kwa sekunde. Jamaa yangu akanishauri ninunue za 0.32 maana hazipeperuki na upepo, nikapima nyumbani na krono yangu ndogo, kile kimashine cha kupima spidi ya gololi, ikasoma 300 fps na jouli 0.84, nikafurahi kwamba sasa ni salama zaidi. Jumapili nimefika uwanjani refa kapima na krono yao, spidi ile ile 300 lakini jouli 1.34, akanikatalia kuingia. Nilibishana naye mpaka watu wakatuangalia. Krono ya nani mbovu? Na gololi ikienda polepole si inaumiza kidogo? Nauliza pia kwa sababu huwa nacheza na mdogo wangu wa miaka 14 hapa nyuma ya nyumba, yeye anavaa miwani ya jua ya baba. Halafu asubuhi magazini, vile visanduku vya gololi na gesi, nazipasha kwenye redieta ili zipige vizuri, kuna shida?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na lile litakalokuuma: refa alikuwa sahihi, na Jumapili ijayo ukimkuta mpe mkono. Krono yako pia sio mbovu, we ndo uliidanganya bila kujua. Na lile la mdogo wako na miwani ya baba tutalifikia na hapo sitacheka na wewe, lakini ngoja kwanza tuelewane kwenye hesabu kwa sababu ukielewa hesabu na lile utaliona mwenyewe.

Hicho kijimashine cha krono hakijui chochote kuhusu jouli, yaani kipimo cha nishati ya gololi. Ndani yake kuna macho mawili ya mwanga, gololi inakatiza la kwanza saa inaanza, inakatiza la pili saa inasimama, kwa kuwa umbali kati yao unajulikana mashine inagawanya inapata spidi, basi, kazi yake imeishia hapo. Jouli inazipata kwa kuchukua hiyo spidi na uzito wa gololi, na uzito haipimi, inategemea we uliiambia nini kwenye menyu. Nyingi zinatoka kiwandani zimewekwa 0.20. Sasa we umeweka gololi ya 0.32 mtutuni, mashine inadhani ni 0.20, imepata 300 fps, ikapiga hesabu yake ikakuletea 0.84. Refa kabla hujafyatua aliingiza 0.32, spidi ile ile, jibu 1.34. Mashine zote mbili zilisema kweli kwa kile zilichoambiwa.

Hebu shika simu yako fungua kikokotoo tufanye wote. Chukua fps zidisha kwa 0.3048 upate mita kwa sekunde, 300 inakuwa 91.44. Hiyo izidishe kwa yenyewe, unapata 8361 na kitu. Zidisha kwa uzito wa gololi kwa gramu, yaani 0.32, halafu gawa kwa 2000. Imetoka 1.34 au haijatoka? Sasa rudia hivyo hivyo kwa 0.20 na 340 fps, utapata 1.07. Kwa hiyo wakati unafurahi kwamba umepunguza ulikuwa umepandisha kwa robo nzima. Ukitaka namba moja ya kukaa nayo kichwani, gololi ya 0.20 kwa 328 fps ni jouli 1 kamili, ukishaijua hiyo mengine unakisia hata bila simu.

Nadhani sehemu ya tatizo iko kwenye lugha yetu wenyewe. Mtaani neno "nguvu" tunalibebesha kila kitu. Bunduki ina nguvu, gololi imekuja kwa nguvu, gesi ina nguvu, zote nguvu. Lakini darasani pale sayansi ya msingi walitutenganishia, kani ndo msukumo wenyewe, nishati ni ile kazi ambayo kitu kinaweza kufanya kikifika kinakokwenda. Gololi inapokupiga kinachoingia mwilini ni nishati, na nishati inajengwa na vitu viwili, uzito na spidi, ila spidi inahesabiwa mara mbili kwa sababu inazidishwa kwa yenyewe. Ukiongeza uzito mara mbili nishati inaongezeka mara mbili, ukiongeza spidi mara mbili nishati inaongezeka mara nne. Ndo maana mtu akikutajia fps peke yake bila kukutajia uzito wa gololi hajakwambia kitu, ni kama kuniambia mzigo umefika kwa lori bila kuniambia ni lori la nini.

Sasa hapa jamaa yako angeweza kujitetea, na angekuwa na hoja. Angesema fundi, chanzo cha nishati ni kile kile, bunduki ni ile ile, gololi ikiwa nzito si itatoka polepole na nishati ibaki palepale? Kwa bunduki za umeme zenye springi, hoja yake karibu iwe kweli. Springi inavutwa nyuma, inaachiwa, pistoni inasukuma hewa iliyomo kwenye silinda, hewa hiyo ina kipimo chake ikiisha imeisha. Bunduki ya umeme inayopiga 350 na 0.20 ukiiwekea 0.28 itaangukia kama 296, jouli 1.14 zote mbili, tofauti inakuwa ndogo sana kama silinda na mtutu vimeoana.

Bunduki ya gesi haiko hivyo. Ndani ya magazini kuna vavu, nyundo ikiigonga inafunguka na gesi inamiminika, na inaendelea kumiminika kwa muda fulani hata kama gololi imeshaondoka. Umewahi kusukuma gari bovu? Likiwa dogo na njia iko sawa linakuponyoka, unabaki unasukuma hewa, nusu ya pumzi yako imepotea bure. Likiwa zito unakaa nalo, pumzi yote inaingia kwenye gari. Gololi ya 0.20 inawahi kutoka mtutuni wakati gesi bado inakuja, ile iliyobaki inatoka na kishindo tu nje haijamsaidia mtu. Ya 0.32 inachelewa mle ndani, gesi inaendelea kuisukuma mpaka mwisho wa mtutu, inatoka imebeba kingi zaidi. Ndo kilichokupata. Kama nishati ingebaki ile ile gololi zako za 0.32 zingetoka kwa kama 269 fps, we umepata 300, hizo 31 za juu ndo gesi ambayo zamani ulikuwa unaimwaga. Bunduki za mtungi wa hewa iliyoshindiliwa zina tabia hii hii, na zile za kukoki mkono zenye silinda kubwa kuliko mtutu wake nazo zimo. Ukiongeza mtutu mrefu juu ya gololi nzito kwenye bunduki ya gesi hali inakuwa mbaya zaidi, watu wanadhani mtutu mrefu unaleta shabaha tu kumbe unaipa gesi muda zaidi wa kusukuma.

Ndo sababu marefa wenye akili wanapima kwa gololi ile utakayochezea, sio ya 0.20 ya kuazima. Nimeshaona wajanja wanapima na 0.20 wanapewa stika halafu nyuma ya gari wanabadilisha magazini, na wengine hata sio ujanja, hawajui tu, kama wewe.

Kwa nini 1.34 ikawa kesi? Huko uliko sheria iko wazi. Kifungu cha 57A cha Sheria ya Silaha ya 1968, kilichoingizwa na sheria ya mwaka 2017, kinasema bunduki ya easofti inayoweza kutoa gololi zaidi ya moja kwa mfyatuo mmoja isizidi jouli 1.3 mdomoni mwa mtutu, na isiyoweza isizidi 2.5. Angalia neno "inayoweza". Sio kwamba umeiweka kwenye moja moja leo kwa hiyo unahesabiwa 2.5, maadamu ile swichi ina otomatiki basi kikomo chako ni 1.3. Ukivuka hapo kile kifaa kinaacha kuwa easofti mbele ya sheria kinageuka silaha, na silaha inayomimina otomatiki Uingereza ni ile inayokatazwa kabisa. Najua utasema ni 0.04 tu fundi. Kweli ni 0.04, lakini sheria haina "tu", na viwanja vingi vinaweka kikomo chao chini zaidi ya hapo kwa sababu hizi namba zinapanda na kushuka na joto. Wajapani ambao ndo walianzisha mchezo huu miaka ya 1970, wao tangu 2006 sheria yao inabana zaidi, kwa gololi za milimita 6 inaishia kwenye 0.98. Na nikwambie michezo yao mizuri tu.

Tuje kwenye swali lako la "polepole si inaumiza kidogo". Jouli 1.34 ni kidogo sana kwa kweli. Chukua embe bivu la gramu 300, liachie kutoka sentimita 45 juu ya kiganja chako, umepata karibu jouli hizo hizo na hujasikia kitu zaidi ya utamu unaokusubiri. Tofauti ni kwamba embe linajigawa kwenye kiganja kizima na linabonyea, gololi ni ya plastiki ngumu na yote inaingilia kwenye tundu la milimita 6. Kwenye mgongo wenye jaketi ni kama kufinywa. Kwenye ngozi tupu kwa karibu inaacha alama ya duara na inaweza kupasua ngozi. Jicho sasa ni habari nyingine, halina mfupa mbele wala nyama ya kupokea, gololi ina ukubwa wa kuingia vizuri katikati ya mifupa inayolilinda.

Halafu kuna kitu jamaa yako hakukwambia kuhusu gololi nzito, na sio siri, ndo hiyo hiyo sababu anazipenda. Hewa inazipunguza kasi taratibu. Nimepiga hesabu ya makadirio, isiyo na hopapu (kile kifaa kinachoizungusha gololi ielee mbali zaidi) wala upepo: gololi yako ya 0.20 iliyotoka na 1.07, ikifika mita 30 imebaki na kama 0.11. Ya 0.32 iliyotoka na 1.34, mita 30 bado ina kama 0.33. Mara tatu. Kwa hiyo mtu wa upande wa pili anapigwa na kitu kilichotoka polepole lakini kimefika na mzigo mkubwa zaidi. Huko mbali hilo ni zuri, anasikia anajitangaza kafa, ugomvi unapungua. Kwa karibu ndo shida.

Na nyuma ya nyumba ni karibu. Bustani nyingi za huko nazijua, mita sita saba umeshagonga uzio. Mita sita gololi yako ya 0.32 bado ina jouli 1 nzima. Na mdogo wako amevaa miwani ya jua.

Mdogo wangu, naomba hii sehemu usome polepole. Miwani ya kujikinga Ulaya kwa miaka mingi imepimwa kwa kiwango cha EN 166, wanairushia kigololi cha chuma cha milimita 6 chenye gramu 0.86. Herufi F maana yake imehimili kigololi hicho kwa mita 45 kwa sekunde, hiyo ni jouli 0.87. Herufi B ni mita 120 kwa sekunde, zaidi ya jouli 6. A ni 190. Sasa linganisha, bunduki yako inatoa 1.34, kwa hiyo hata miwani halali ya fundi wa gereji yenye F iko chini ya mdomo wa bunduki yako. Miwani ya jua ya baba haina hata herufi, kioo chake kinaweza kupasuka na vipande viende kwenye jicho lile lile ulilotaka kulilinda, na pembeni iko wazi. Nunua yenye B imechorwa kwenye kioo na kwenye fremu, inayobana uso mzima kwa mkanda, na mpaka iwe mkononi mchezo wa nyuma ya nyumba umesimama. Yale ya nyavu za waya hayapati ukungu na watu wanayapenda, lakini gololi ikigonga mti ikapasuka vipande vidogo vinapenya, mi siyapendi kwa mtoto. Na chini ya mdomo avae kitu, meno hayaoti mara mbili akiwa na 14.

Tena hiyo bunduki yako kwa mbali haina tofauti na ya kweli. Jirani akichungulia dirishani akaona vijana wawili na bunduki hatapiga hesabu ya jouli, atapiga 999, na watakaokuja hawatakuja na fimbo. Wapelekeni mchezo uwanjani, wana siku za watoto na bunduki nyepesi za kukodi.

Haya, bunduki tuifanyeje. Njia rahisi kuliko zote ni kurudi kwenye gololi nyepesi, 0.25 kwa mfano, upime upya. Haina gharama, ila upepo utakusumbua kidogo kama ulivyokuwa unasumbuliwa. Njia ya pili ni gesi yenye presha ndogo, inafanya kazi, lakini siku ya baridi bunduki itakuwa inakohoa tu, bolti, kile chuma kinachorudi nyuma kila ukifyatua, hairudi vizuri, utaichukia kabla ya Desemba. Kukata mtutu au kuweka mfupi pia kunapunguza, ni pesa zaidi na usifanye mwenyewe na msumeno tafadhali. Mi ningekuwa wewe ningefunga ile vavu ya kurekebisha inayokaa ndani ya nozeli, kile kijibomba kinachopeleka gesi kwenye gololi. Bei yake haiumi, unaikaza au kuilegeza kwa ufunguo mdogo na inaamua gesi kiasi gani inaenda mbele kwa gololi na kiasi gani nyuma kwa bolti. Weka gololi za 0.28, lenga kama 290 fps, hapo utakuwa kwenye jouli 1.1, una nafasi ya kupumua juu yako. Ubaya wake ni kwamba inarekebishika, na viwanja vingine hawapendi kitu kinachorekebishika na ufunguo mfukoni mwa mchezaji, kwa hiyo waulize kwanza. Kama hujawahi kufungua bolti peleka kwa fundi mwenye krono mezani, simama pale aipime mbele yako na gololi zako, umwambie uzito. Na usiamini maandishi ya pakiti, chukua gololi 100 uziweke kwenye mizani ndogo ya jikoni, za 0.32 zinatakiwa zilete gramu 32. Nimeshapata pakiti imeandikwa hivi ndani ni vile.

Kingine, usikaze namba mpaka 1.29 ukajiona mjanja. Gesi ya kijani ni propani iliyochanganywa na mafuta kidogo ya silikoni, na propani inafuata joto. Nyuzi 0 presha yake haifiki mara tano ya hewa ya kawaida, nyuzi 20 ni zaidi ya mara nane, nyuzi 30 inakaribia kumi na moja. Bunduki uliyoipima Februari ukiwa na glavu, Julai saa saba mchana ni bunduki nyingine. Pima siku ya joto au acha nafasi.

Ukienda nyumbani likizo iache huko huko. Kabla hujaiweka kwenye sanduku la kwenda Mombasa au Dar waulize ubalozi na shirika la ndege kwa maandishi, maana afisa wa forodha anaona bunduki kwanza, maelezo yako ya jouli yanakuja baadaye, pengine umeshakaa benchi masaa manane.

Ikitokea mtu kapigwa jichoni, awe mdogo wako awe nani, usimsugue, usimwoshee kwa presha ya maji, usimwekee dawa ya matone iliyobaki kabatini. Mfunike jicho na kitu kisicholigandamiza, kikombe cha karatasi kinatosha, mpeleke dharura siku hiyo hiyo hata kama anasema anaona vizuri. Damu inayojikusanya mbele ya mboni, kuona mwanga unamweka, au kivuli kama pazia linashuka, hizo hazisubiri asubuhi. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inaweza kuachia taratibu wakati nje jicho linaonekana zima kabisa.

Na magazini kwenye redieta, acha. Redieta ikifika nyuzi 50 ile propani ndani inakuwa na presha kama mara kumi na saba ya hewa, hapo oringi, zile pete za mpira za kuzuia gesi, na vavu zinafanya kazi ambayo hazikutengenezewa, na ukiipima ikiwa moto hivyo unapata namba ya uongo ya upande wa juu, sishangai kama nayo ilichangia zile 300. Ziweke mfuko wa ndani wa jaketi, joto la mwili linatosha. Ukimaliza mchezo usizimwage gesi yote, acha kidogo ndani, oringi zikikaa kavu zinapasuka na utanirudia na swali lingine kwamba magazini inavuja.